Taya la Baba Sharon

Ndimyake alipomaliza kutaja vyakula vilivyopigwa marufuku katika nyumba ya kaka yake, mezani palibaki maji ya kunywa na chumvi.

"Ngano na mahindi, marufuku," alirudia, akikunja kidole cha kwanza. "Maziwa, marufuku. Sukari msiniambie hata chembe. Na hayo mafuta ya kukaangia, wifi, uyafungie kabatini. Ndiyo yanayompanda mtoto kichwani."

Lwitiko alikuwa ameshika chapati. Aliitazama kama mtu anayeagana na rafiki stendi, akairudisha kwenye sahani.

"Hata sisi wakubwa?"

"Nyumba nzima, kaka. Mtoto hawezi kuacha peke yake huku anawaona mnatafuna."

Mtoto mwenyewe, Sharon, alikuwa chini ya meza, miguu yake imekunjwa vizuri, akiiga sauti ya mashine ya kusaga iliyoko jirani. Alikuwa na miaka sita na usonji. Hakuwa akisema maneno, lakini sauti ya ile mashine aliipata sawasawa, hadi pale inapokwama na kukohoa. Watu waliokuwa wakipita nje, pale mtaani Kizwite, waliwahi kuingia na madebe yao ya mahindi wakidhani wamefika.

Epifania, mama yake, alikuwa akishona sare ya shule karibu na dirisha. Alisimamisha cherehani.

"Wifi, Sharon anakula vitu vinne tu. Ukoko wa ugali, chipsi zilizokauka, biskuti, na mkate uliobanikwa. Ukiondoa hivyo, atakula nini?"

Ndimyake alifungua begi lake, akatoa kopo kubwa lenye picha ya mtoto anayecheka. Ndani kulikuwa na unga wa kijani. Alikuwa amesafiri nao kutoka Mbeya, ameukumbatia njia nzima kama mtoto mchanga, baada ya kuhudhuria semina moja kwenye ukumbi wa hoteli.

"Atakunywa uji wa hii. Kuna mtoto wa mwalimu kule Uyole hakuwa anasema hata neno moja. Alipomaliza kopo la tatu, sasa hivi anaongoza kwaya."

Epifania alitaka kucheka, lakini alimwona mumewe. Lwitiko hakuwa akicheka. Alikuwa ameinama, anachungulia chini ya meza, na usoni mwake kulikuwa na tumaini kubwa kiasi kwamba mkewe aliona haya kulitazama. Akaendelea kushona.

"Tujaribu tu, Mama Sharon," Lwitiko alisema. "Kujaribu si vibaya."

*

Uji wa kijani ulipikwa asubuhi ile ile. Sharon aliunusa, akausukuma. Ndimyake akaongeza ndizi iliyopondwa. Sharon akausukuma tena, safari hii hadi ukingoni mwa meza, kwa utulivu, kama karani anayerudisha barua iliyokosewa. Ndimyake alipomshika kidevu na kumpitishia kijiko, Sharon aliupokea uji wote mdomoni, akamtazama shangazi yake, akautema juu ya gauni lake la kitenge.

"Ameuonja!" Ndimyake alisema, akijifuta. "Mmeona? Mwili unaanza kuupokea."

Hapo nyumba ikaingia kwenye mfungo ambao haukuwa wa Kwaresima. Epifania alikula viazi vya kuchemsha, akashona akiwa na usingizi. Lwitiko, mzee wa kanisa la Moravian na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alitangaza nyumbani kwamba anajisikia mwepesi kweli kweli. Hakutangaza kwamba kila siku saa nne alikuwa akitoka dukani kwa mlango wa nyuma, kwenda kwa mama ntilie, na kula chapati kwa haraka akiwa amegeukia ukuta.

Sharon hakuwa na mlango wa nyuma. Alikataa uji, akakataa viazi, akakataa wali usio na mafuta. Alikwenda jikoni, akafungua sufuria ya ugali iliyokuwa tupu, akaingiza mkono na kukwangua pembeni kwa kucha. Ndimyake akaiosha sufuria. Sharon alipiga kelele hadi jirani akatuma mtu kuuliza kama kuna msiba. Kesho yake hakupiga kelele. Alikaa chini ya meza, kimya, na mashine ya kusaga haikusikika tena.

"Ametulia," Lwitiko alisema, bila kuamini sana. "Labda dawa inafanya kazi."

Epifania alipiga magoti, akamgusa mtoto. Midomo ilikuwa imekauka. Alipomvuta, kichwa kilimwangukia begani kama cha mwanasesere wa nguo.

"Hajatulia, Baba Sharon. Ameishiwa."

*

Hospitalini walipokelewa haraka, na Sharon akatundikiwa maji. Aibu ilikuja baadaye, walipoitwa dirishani, mbele ya benchi lililojaa akina mama.

"Mama Sharon!" muuguzi aliita kwa sauti ya kusikika hadi getini. "Mtoto huwa anakula nini huyu?"

"Ukoko," Epifania alijibu polepole.

"Nini?"

"Ukoko wa ugali. Na chipsi. Na biskuti."

Benchi zima likageuka. Mama mmoja aliguna. Mwingine, mwenye mtoto mnene aliyelala mgongoni, akamwambia jirani yake, bila kunong'ona vya kutosha, kwamba wanawake wa mjini siku hizi hawapiki. Epifania alikuwa amepika kila siku kwa miaka sita. Alikuwa amepika mchicha, maharage, samaki, mayai ya kila namna, na vyote vikasukumwa ukingoni mwa meza. Lakini hayo huwezi kuyaelezea dirishani. Alisimama wima, akajibu maswali yaliyobaki.

Aliyewaita ndani alikuwa afisa lishe, dada mwembamba mwenye sauti nene, aliyejitambulisha kwa jina la Jane. Aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza:

"Nani aliwaambia usonji unatoka tumboni?"

Lwitiko alitazama dari. Epifania alitazama mikono yake.

"Mimi," Ndimyake alisema, na sauti yake ikakatika hapo hapo.

Jane hakumgombeza. Alivuta kiti karibu.

"Sikilizeni. Hakuna chakula kinachofuta usonji, wala hakuna kilichouleta. Sharon ndivyo alivyo. Si laana, na si kosa la mama yake. Lakini tumbo lake ni tumbo kama la mtoto mwingine yeyote. Damu imepungua. Choo kimekuwa kigumu, pengine kwa muda mrefu, na yeye hawezi kuwaambia kwamba anaumwa. Mnaposema mkaidi, anapiga kelele, halali, sehemu yake ni hiyo. Wewe baba, ukikaa wiki nzima bila choo, hutapiga kelele?"

"Zaidi yake," Lwitiko alikiri.

"Haya. Mtoto alikuwa na vyakula vinne anavyoviamini. Mmemnyang'anya vyote kwa mpigo. Hata mimi ningetema." Aliwatazama mmoja mmoja. "Mrudishieni. Tutampa dawa ya damu na ya choo. Kisha nyumbani mwekeeni kitu kipya kimoja kando ya vile vyake, kidogo tu. Msimshike mdomo, msimchape, msimwimbie wimbo. Kaeni mle naye. Inaweza kuchukua miezi. Kazi yenu ni kuongeza, si kuondoa."

"Na huu unga?" Lwitiko aliuliza. Alikuwa amelibeba kopo hadi hospitalini.

Jane alilipokea, akasoma maandishi, akaligonga kwa kidole.

"Kopo zuri. Mama ni fundi cherehani? Ataweka vifungo."

Ndimyake aliondoka Sumbawanga na basi la asubuhi, kabla Sharon hajaruhusiwa kutoka wodini. Kwanza aliwamwagia kuku wa jirani unga uliobaki, akaoga, akafunga begi. Kuku waliuparua, wakauacha.

*

Ukoko ulirudi mezani, na mashine ya kusaga ikaanza tena kunguruma chini yake. Kando ya ukoko Epifania aliweka kijiko kimoja cha mchicha. Sharon akausukuma ukingoni. Kesho yake, maharage, ukingoni. Kiazi kitamu, yai, parachichi, boga. Vyote vilifanya safari ile ile, na Lwitiko, aliyeketi upande wa ukingoni, akawa anavila. Walikula pamoja kama walivyoambiwa, hawakumwimbia, hawakumshika. Epifania alijaribu rangi. Kwa kuwa vyakula vya Sharon vilikuwa vyeupe au vya kahawia, alipika kila kitu cheupe au cha kahawia. Haikusaidia.

"Pengine ni harufu," Lwitiko alisema.

"Nimeshapika hadi visivyo na harufu."

"Pengine hapendi sahani."

"Baba Sharon, kula ugali wako."

Jumamosi moja Epifania alikuwa na sare nyingi za kumaliza, na Lwitiko akaenda na Sharon dukani. Sharon alilipenda duka. Alikaa sakafuni akipanga misumari kwa urefu, na wateja walizoea kumkanyagia mbali. Lwitiko alikaa juu ya mfuko wa saruji, akafungua gazeti lililofungiwa dagaa waliokaangwa, dagaa wa Kirando, wakavu, wenye kuvunjika. Hakukuwa na mteja. Alianza kula.

Inafaa kusema kwamba Lwitiko alikuwa na ila moja ambayo Epifania alipambana nayo tangu wiki ya kwanza ya ndoa. Alikuwa anatafuna kwa kelele. Si kelele za kawaida. Ukimpa karanga ungedhani mtu anatembea juu ya kokoto. Mbele za wageni Epifania humkanyaga mguu chini ya meza. Pale dukani hapakuwa na wa kumkanyaga, na Lwitiko akatafuna kwa uhuru wote aliopewa na Mungu.

Sharon aliacha misumari. Alisimama, akasogea, akapanda juu ya mfuko wa saruji. Halafu, mtoto ambaye hakupenda kuguswa, akalaza sikio lake kwenye shavu la baba yake.

Lwitiko aliacha kutafuna. Sharon akampiga kidevu kwa kiganja. Akaendelea. Sharon akatulia, macho yamefumba, anasikiliza.

"Bosi, bawaba zipo?" mteja aliuliza kutoka mlangoni.

Lwitiko alinyoosha mkono, akaonyesha rafu, akaendelea kutafuna. Mteja alimtazama, akamtazama mtoto, akachukua bawaba mwenyewe, akaacha hela juu ya kaunta na kuondoka kwa kunyata.

Sharon alichukua dagaa mmoja kutoka kwenye gazeti. Alimgeuza, akamlamba, akamtia mdomoni na kumng'ata. *Kra.* Akamtema. Akachukua mwingine. *Kra.* Akasubiri, kama anayelinganisha sauti ya ndani na ile ya nje. Akameza.

Simu iliita kule nyumbani Kizwite.

"Mama Sharon! Amekula samaki!"

"Samaki gani?"

"Mzima! Na kichwa chake! Na macho!"

Epifania alifika dukani akiwa bado na sindano imechomekwa kifuani. Alimkuta mumewe juu ya saruji, machozi yanamtoka, anatafuna bila kusimama, na mtoto wake amemwegemea. Alisimama pale mlangoni akahesabu moyoni: ukoko, chipsi kavu, biskuti, mkate wa kubanika. Miaka yote hiyo walikuwa wakitazama rangi, wakinusa harufu, wakibadili sahani. Mtoto alikuwa akisikiliza.

*

Basi, kazi ya Lwitiko ikawa hiyo. Kila kitu kipya kilipita kwanza kwenye taya lake. Epifania alijaribu kumpokea, lakini alisoma kwa masista kule Kaengesa na kufundishwa kutafuna mdomo umefungwa. Sharon alilaza sikio kwenye shavu lake kwa muda, kisha akamwacha, kama mtu anayezima redio iliyoisha betri.

"Tafuna kwa nguvu, Baba Sharon," Epifania akawa anasema, yeye yule wa kukanyaga miguu. "Fungua mdomo kidogo. Hapo. Msikie mwanao anavyofurahi."

Karanga zilipita. Soya za kukaanga zilipita. Karoti mbichi ilipita baada ya siku kadhaa za mazungumzo. Epifania aliukausha mchicha kwenye mafuta hadi ukawa unavunjika kama majani makavu, nao ukapita, tena kwa shangwe. Alioka biskuti za ulezi zilizochanganywa na dagaa wa kusaga, na Lwitiko alizitafuna mchana kutwa dukani bila kukatazwa na mtu. Parachichi lilishindwa. Ndizi ilishindwa. Uji hata haukuruhusiwa kuingia kwenye mashindano.

Wakati wa mahindi ya kuchoma ndipo balaa lilipotokea. Jino la gego la Lwitiko, upande wa kulia, lilipasuka. Aling'olewa, akarudi nyumbani shavu limevimba kama embe, pamba mdomoni, amekatazwa kutafuna kitu kigumu. Mezani kulikuwa na tango, mara ya kwanza. Sharon alikuja kama kawaida, akafika upande wa kulia, akanusa harufu ya dawa, akasita.

"Niache leo, mwanangu," Lwitiko alisema kwa shida. "Baba anaumwa."

Sharon aliuzunguka mgongo wake polepole. Akalaza sikio kwenye shavu la kushoto, akasubiri.

Lwitiko akamtazama mkewe. Kisha akaokota kipande cha tango kwa uangalifu mkubwa, akakitafuna kwa upande uliobaki.

Walipokwenda kupima tena, Jane aliwaambia damu imepanda. Sharon alikuwa anapata choo bila kulia, na analala. Bado aliziba masikio honi zikipigwa, bado alipanga misumari, bado hakukaa kwenye kiti. Njiani kurudi, karibu na nyumbani, Lwitiko alipunguza mwendo.

"Lakini bado hajasema neno," alisema.

"Bado," Epifania alijibu. "Ila ameshiba."

Lwitiko aliwaza, akaitikia kwa kichwa. Halafu akamwinua Sharon, ambaye siku zile alikuwa mzito, akambeba hadi mlangoni.

*

Mvua za kwanza ziliwakuta Kaengesa, kwa Bibi Fransiska, mama yake Epifania. Familia ilikuwa imekusanyika kwa kipaimara cha binti wa Adolfu, kaka yake Epifania, na Ndimyake naye alikuwa amealikwa. Epifania ndiye aliyempigia simu. Ndimyake alikuja na zawadi kwa kila mtu na hakutoa ushauri wowote kwa yeyote. Alikaa kwenye mkeka wa pembeni, na Sharon alipopita karibu, alivuta miguu yake ili asimguse.

"Wifi, mbona umejitenga?" Epifania alimuuliza.

"Nimekaa tu, wifi. Nisije nikamletea madhara mengine."

Epifania alimletea chai, yenye sukari na maziwa, na Ndimyake akaicheka, na chai yenyewe akainywa yote.

Usiku mvua ilinyesha, na asubuhi kumbikumbi walitoka ardhini kama moshi. Watoto walikimbia na ndoo. Bibi Fransiska aliwakaanga kwenye chungu, akawapepeta mabawa, akawatia chumvi, na harufu ikajaa uwanja mzima.

Lwitiko alihamisha kiti chake. Alikuwa Mnyakyusa aliyekuzwa kwa ndizi na maziwa, na siku ya kuposa aliwaambia wakwe zake waziwazi kwamba Wafipa anawapenda, kilimo chao anakiheshimu, lakini wadudu hapana. Wafipa walikuwa wamemngoja tangu siku hiyo.

Sharon alisimama mbele ya chungu. Alichukua bakuli lililojaa. Akavuka uwanja, akalitua kwenye mapaja ya baba yake, akalaza sikio shavuni.

Watoto wakaacha ndoo, wakasogea.

"Shemeji," Adolfu alisema kwa furaha isiyofichika, "mtoto anakusubiri."

"Ninyi mmempangia."

"Nani anaweza kumpangia Sharon?"

Hilo lilikuwa kweli. Lwitiko alimtafuta mkewe kwa macho. Epifania alikuwa ameziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Sharon akampiga kidevu. Mzee wa kanisa akafumba macho, akachota kumbikumbi watatu, akawatia mdomoni kama anayemeza kidonge, na akatafuna.

Walisikika hadi jikoni. Wanawake walipiga vigelegele. Lwitiko aliendelea kutafuna huku uso ukibadilika polepole, kwanza kwa hofu, kisha kwa mashaka, kisha kwa kitu alichojaribu kukificha. Walikuwa na mafuta. Walikuwa na utamu wa karanga, tena zaidi ya karanga. Miaka minane ya kukataa ikampita kichwani, misimu minane ya mvua.

"Vipi?" Bibi Fransiska aliuliza.

"Wanavumilika, mama," Lwitiko alisema, akapeleka mkono kuchota tena.

Lakini bakuli halikuwepo. Sharon alikuwa amelichukua. Alitembea nalo hadi kwenye mkeka wa pembeni, akaliweka mapajani mwa Ndimyake. Ndimyake aliduwaa, mikono ameiinua hewani kama aliyekamatwa. Sharon akajikunja kando yake, akalaza sikio kwenye shavu la shangazi. Hakuwahi kufanya hivyo kwa mtu mwingine tangu aliache shavu la mama yake.

"Nifanye nini?" Ndimyake alinong'ona.

"Tafuna, wifi," Epifania alisema.

"Mimi pia siwali hawa."

"Tafuna tu."

Ndimyake alitafuna. Machozi yalimtiririka, na hakuna aliyejua kama ni ya uchungu, au ya kinyaa, au ya yote mawili. Kumbe naye alikuwa na taya la ukoo wao. Kokoto zile zile. Sharon alifumba macho, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akachota kumbikumbi wake mwenyewe, akala, akachota tena, akala, bado ameegemea pale.

Lwitiko aliwatazama kwa muda mrefu. Alisikia furaha, na chini ya furaha akasikia wivu kidogo, wa mtu aliyenyang'anywa kazi aliyoizoea. Akasogea hadi kwenye mkeka, akaunyoosha mkono polepole kuelekea kwenye bakuli.

Bibi Fransiska akaupiga kofi.

"Hao ni wa mtoto, mkwe."

Lwitiko akaurudisha mkono. Alikaa kidogo, akakohoa, akatazama mawingu kama mtu mwenye shughuli zake. Halafu akamsogelea Adolfu, akainama sikioni mwake, na kumuuliza kwa sauti ya chini kabisa kama kule jikoni chunguni wamebaki wengine.